Kozi wa Amur juu ya mabati yangu, Voi

Niliambiwa ukitaka ndege wa ajabu uingie Tsavo, na ubebe darubini ya kukuza mara 20. Upuuzi mtupu. Kozi wa Amur, ndege mdogo mwindaji, nimempata nikiwa kwenye ngazi ya jikoni, kwa darubini ya mtumba ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi za mbele milimita 42) niliyoinunua elfu kadhaa. Ile ya mara 20 ukiishika mkononi hutikisika mpaka ndege anageuka ukungu.

Kozi huyu huzaliana Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China, kisha huvuka Bahari ya Hindi kwenda kusini mwa Afrika. Kwetu hupita Novemba na Desemba, akiandama mvua na kumbikumbi. Basi nikajiona mjanja: kichuguu cha nyuma ya choo nikakimwagia madumu matatu ya lita 20 ili kumbikumbi watoke. Saa mbili nzima! Walitoka mchwa wachache kuziba nyufa, kuku wa jirani wakafanya karamu, na angani hata mbayuwayu hakuna. Kumbikumbi hutoka wakishakomaa mabawa, ardhi imelowa na hewa ina unyevu. Madumu yangu yalilowesha kichuguu tu, mengine hayakuyaleta. Siku nne baadaye mvua ilipiga usiku kucha, na kesho yake saa kumi na moja jioni wakafuka kichuguuni kama moshi.

Ndege wakaja kuwadaka, na jirani akasema ni mwewe. Mwewe ana mkia wa panda na humzidi kunguru. Hawa walikuwa wadogo kuliko kunguru aliyekatiza kati yao, mabawa yamechongoka, wanadaka kwa mguu na kula hukohuko angani. Hapo bado usishangilie, kozi wengine nao hula hivyo. Tazama kwapa. Dume la Amur ni kijivu cha kukoza, makwapa meupe pe, miguu myekundu. Yuko kozi mwingine wa kijivu aendaye Madagaska miezi hiyohiyo, ila huyo hana weupe kwapani na miguu yake ni ya njano.

Picha za kwanza zilitoka vivuli vyeusi. Dawa: jua liwe mgongoni, bana kamera ya simu kwenye jicho la darubini, gusa ndege kwenye kioo, halafu ongeza mwanga hadi anga ipauke kabisa. Picha mbaya, lakini kwapa linaonekana.

Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya kwa taarifa za watu wa kawaida, nimewapelekea kozi 14. Jirani bado anahesabu mwewe.