Boti imezima, Adele anaimba

Leo magharibi narudi Amu (Lamu mjini) kutoka Shela, injini ya boti ikazima katikati ya maji. Nahodha avuta kamba weee, wapi.

Kijana mmoja alikuwa anapiga Adele kwa simu, ile Someone Like You, sasa injini imenyamaza tukawa tunasikia kila kitu, piano na sauti tu, mpaka akivuta pumzi unamsikia.

Na wallahi ile ni demo! Alirekodi na Dan Wilson, aliyetunga naye huo wimbo, huko Los Angeles kama majaribio, ikaingia hivohivo kwenye 21, albamu yake ya pili ya 2011. Zile alizorekodi na prodyuza Rick Rubin kule Malibu nyingi zikaachwa, na Rubin si mtu mdogo ati.

Bibi mmoja wa buibui pembeni yangu, Kiingereza hajui hata "yes", kasikiza mpaka mwisho kisha akasema polepole, "Mwana huyu kaatwa." Yaani kaachwa.

Boti nzima kimyaa.

Injini kuwaka tu, bibi akaanza kumgombeza nahodha amrudishie nauli 😂

Haya nipeni, albamu ya pili ya nani imeshinda ya kwanza?