Goti Langu Lilikataa Kishindo: Nilivyoanza Mazoezi Nikiwa na Kilo 104

Barabara inayotoka stesheni ya Kigoma na kupanda kuelekea Mwanga ndiyo iliyonijulisha hali yangu kabla ya mizani. Nimeipita tangu utotoni, chini ya miembe yake mikubwa, na kwa miaka mingi haikuwahi kunijia akilini kwamba ni mlima. Mwaka niliotimiza umri wa miaka 46 ndipo nilipoanza kusimama mara tatu njiani ili nivute pumzi, na jambo lililonishangaza ni kwamba goti la kulia liliniuma zaidi wakati wa kuteremka kuliko wakati wa kupanda. Nilikuwa na kilo 104 na urefu wa sentimita 162. Ukigawanya kilo hizo kwa mraba wa urefu katika mita unapata karibu 40, ilhali unene uliopitiliza huhesabiwa kuanzia 30.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba anayetaka kupungua hana budi kukimbia. Nilijiunga na kikundi cha mbio za taratibu za Jumamosi asubuhi, watu wema walionipokea kwa furaha na kunisubiri kila nilipobaki nyuma. Baada ya Jumamosi ya tatu goti lilivimba, nikashindwa kuukunja mguu, na kwa zaidi ya mwezi mmoja nikawa naswali nikiwa nimekaa kwenye kiti. Siwalaumu wenzangu hata kidogo, lakini nasema wazi kwamba mtu mwenye uzito kama wangu, ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka 20, hapaswi kuanzia hapo, na anayemhimiza kuanzia hapo, hata kwa nia njema, anaweza kumfanya aache kabisa.

Nilikwenda kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza. Baada ya shikamoo na marahaba alinipima presha, akakuta 148 kwa 92, akanirudisha kwanza kwa daktari kwa ajili ya presha hiyo kabla ya kuniruhusu zoezi lolote. Niliporudi kwake wiki iliyofuata alinieleza kwamba mtu anapokimbia kuna nukta ambapo miguu yote miwili huwa hewani, na mguu unapotua hupokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, lakini anapotembea mguu mmoja huwa chini daima na mzigo hauzidi sana uzito wenyewe. "Mama," aliniambia, "goti lako halikatai kazi, linakataa kishindo." Alisema pia kwamba kila kilo moja anayopungua mtu hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Hesabu hiyo ilinitia moyo kuliko maneno yote niliyowahi kuambiwa kuhusu unene, kwa kuwa ilinionyesha kwamba sikuwa na haja ya kuwa mwembamba ndipo nipate nafuu. Hata kilo tano zingehesabika.

Tulianza na kiti kile kile nilichokuwa nikiswalia. Nilikiegemeza ukutani ili kisiteleze, nikaweka mto juu yake kwa sababu kiti kilichoinuka hulipunguzia goti kazi, kisha nikawa nasimama na kukaa taratibu bila kujisukuma kwa mikono, mara sita, nikapumzika, na mara sita tena. Nikiwa nimekaa nilinyoosha mguu mmoja mbele, nikaubana msuli wa paja huku nikihesabu hadi tano, nikaushusha bila kuuangusha. Mwisho nilisimama hatua moja kutoka ukutani, nikaweka viganja vyangu juu ya ukuta na kujisukuma kwenda na kurudi. Yote hayo hayakuzidi dakika 12, siku tatu kwa wiki, ndani ya chumba changu mlango ukiwa umefungwa. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolishikilia goti lisiyumbe, na yangu ilikuwa imelegea kwa miaka ya kukaa ofisini. Wiki ya tano niliuondoa mto.

Kutembea nilikuanza kwa dakika saba, na nataja idadi hiyo bila haya kwa sababu najua yupo anayesoma ambaye dakika 30 zinamtisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili, lakini hauweki kiwango cha chini cha dakika kwa mkupuo mmoja. Hata kipande kifupi kinaingia katika hesabu. Taabu ya mji wetu ni kwamba mahali tambarare lazima pakatafutwe. Nilipapata katika uwanja wa shule ya msingi ulio jirani, wenye nyasi na udongo laini, nikawa nauzunguka baada ya swala ya alfajiri kabla wanafunzi hawajafika. Nilinunua raba za mtumba zenye soli nene na kisigino kisichoyumba, kwa kuwa kandambili zilinifanya nivute miguu. Kasi niliipima kwa mdomo: nilipaswa kuweza kusema sentensi nzima, ila nisiweze kuimba. Kila wiki niliongeza dakika mbili, na goti likiamka na maumivu kesho yake nilirudi kwenye muda wa wiki iliyotangulia, bila kujilaumu.

Lakini kilichonibadilisha ni maji, na sijui kwa nini sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika hatulioni kama mahali pa mazoezi. Maji yakimfika mtu kiunoni, miguu yake hubeba takriban nusu tu ya uzito wa mwili, na yakimfika kifuani hubaki karibu theluthi. Siku ya kwanza niliposimama ndani ya maji hayo nikapiga hatua kumi bila maumivu yoyote, nilitokwa na machozi, kwani nilikuwa nimesahau hatua isiyouma ilivyo. Na hayo si mapumziko, maana maji ni mazito kuliko hewa na hukuzuia kila upande, hata kutembea polepole kwa dakika 15 kulinitoa pumzi kuliko uwanja wa shule.

Sikuingia ziwani ovyo. Ziwa hili ni la pili kwa kina duniani, kina kinachofika mita 1,470, na sehemu nyingi sakafu yake hudidimia ghafla hatua chache kutoka ufukweni, jambo la hatari kwa mtu kama mimi asiyejua kuogelea. Kwa hiyo nilikwenda na wifi yangu, tukachagua ufuko wa mchanga ambao wavuvi wa hapo walituhakikishia kuwa sakafu yake huinama taratibu na mamba hawaonekani, nikatembea sambamba na ufuko badala ya kuelekea ndani, huku wifi akisimama upande wa kina akiwa na fimbo ndefu ya kupimia. Mahali penye matete na majani tulipaepuka kwa ajili ya konokono wa kichocho, na kwa kuwa ugonjwa huo upo katika ziwa letu nilikwenda kupimwa baadaye, jambo ninalomshauri kila anayeingia majini mara kwa mara. Siku za mawimbi hatukuingia kabisa. Kuhusu mavazi, dera likilowa huwa zito na hujizungusha miguuni, hivyo nilivaa suruali ya kubana na fulana ndefu, na kanga niliiacha kwa wifi hadi ninapotoka. Nilitembea mbele, kinyumenyume na kwa ubavu, kisha nikasimama mahali pamoja na kuinua magoti kwa zamu. Tulifanya hivyo Jumamosi na Jumapili, saa moja asubuhi.

Baiskeli ya kaka yangu niliijaribu kwa wiki mbili. Ni zoezi jema lisilo na kishindo, na kwa ndugu zetu wa Tabora, ambako mji umelala tambarare, ningelipendekeza kabla ya mengine yote. Kwangu mimi miinuko ya Kigoma ililifanya kuwa mateso kwa goti, nikairudisha.

Chakula nilikigusa kidogo. Watu waliniambia niache mawese na ugali wa muhogo, nami sikuviacha. Nilipunguza tonge, nikaacha soda, nikaongeza mboga pembeni ya migebuka, samaki wetu wa ziwani. Kilichonielemea zaidi ni maneno. Nilipoanza kupungua uso, jirani mmoja aliniuliza kwa upole kama nina ugonjwa ninaouficha, na shangazi yangu wa Ujiji akadhani nina ugomvi nyumbani. Nilimwalika shangazi aje ufukweni kunitazama. Alikaa mchangani na tasbihi yake hadi tulipomaliza, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayewajibu watu.

Baada ya miezi minane nilikuwa na kilo 93. Najua kuna wanaotangaza kilo 20 kwa miezi miwili, nami sina la kuwaambia, ila presha yangu ilishuka hadi 132 kwa 84 nikiwa bado natumia dawa za daktari, na uwanja wa shule nauzunguka kwa dakika 40 siku nne za wiki. Mwezi wa sita tangu nianze, Ijumaa moja alasiri, nilitandika msala bila kiti. Niliinama polepole, mkono mmoja ukiwa tayari kushika kitanda, nikasujudu na nikainuka. Binti yangu alikuwa mlangoni. Alikichukua kile kiti akakirudisha sebuleni bila kusema neno.

Mteremko bado sijauweza. Kuteremka hulibana goti kuliko kupanda, kwa kuwa msuli wa paja hulazimika kuuzuia mwili wote usiporomoke, na mtaalamu wangu amenitaka nisubiri hadi niweze kusimama kutoka kwenye kiti mara 20 mfululizo. Sasa nimefika 16. Kwa hiyo ninapokwenda mjini hupanda bodaboda kutoka Mwanga hadi stesheni, na kurudi hurudi kwa miguu. Vijana wa kijiwe walidhani mwanzoni kwamba sina nauli ya kurudia, wakawa wananisogelea na kusema, "Panda mama, utalipa kesho." Sasa wananisalimia tu, nami napita chini ya miembe nikisimama mara moja, kwenye mwembe wa nusu ya njia.