Siku moja maishani mwangu: mhariri wa video za harusi, Sinza, Dar es Salaam

Saa mbili asubuhi nachomeka kadi za kamera za harusi ya Jumamosi na kuanza kunakili. Sikati hata sekunde moja kabla kila kadi haijapata folda yake: kamera A, kamera B, droni, sauti. Nakala ya pili naipeleka diski nyingine. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 hivi kwa saa, na MC wetu mnawajua. Naagiza chai na chapati, nasubiri.

Saa nne hadi saa sita: naediti kicheni pati. Hakuna la kusimulia.

Saa saba kasoro anaingia mama mkubwa wa bibi harusi mmoja, nyuma yake kijana wa mpiga picha ameshika diski. Harusi ile hatukupiga sisi, tunaediti tu, na pesa ya diski ya akiba familia iliikataa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kazi nzuri, ila pale ninapotoa zawadi pamekatwa. Nataka dakika tano."

Nafungua mradi kwenye Premiere Pro, programu yangu ya kuediti. Skrini nzima nyekundu, bango la lugha kadhaa, zote zinasema faili halipatikani. Namtazama kijana.

"Kaka, diski ilikuwa shaghalabaghala, nikaipanga," anasema, tena kwa fahari.

Klipu unayoiona kwenye programu si video yenyewe. Mradi ni faili dogo tu. Ndani yake mna anwani ya kila video kwenye diski, pamoja na alama za pa kuanzia na pa kukatia. Ukiihamisha video, programu inabaki kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Video ipo, kazi yangu ipo, ila haviunganiki.

"Kwani si unabonyeza tu?" mama anauliza huku akivuta kiti.

Kubonyeza nabonyeza. Kwa kawaida unaionyesha programu faili moja lilipo, nayo inawaokota wenzake waliomo kwenye folda hiyo. Lakini kamera zote mbili zilikuwa Sony, kila moja imeanza kuhesabu na C0001, na kijana amezimwaga folda moja. Zilizogongana majina kazibatiza upya: "keki", "keki nzuri", "watu". Bwana harusi anaingia ukumbini, ninachokiona ni masufuria ya pilau. Ikabidi niachane na majina, nilinganishe alama ya muda ya mwanzo na urefu wa kila klipu, moja baada ya nyingine, mama akinisimulia ugomvi wa kamati. Chakula cha mchana kilipita. Umeme ukakatika, ukarudi. Adhuhuri sikumbuki iliishia wapi. Nilipoinua kichwa taa za barabarani zilikuwa zinawaka, na wekundu umeisha kwenye skrini.

Basi nikaitafuta zawadi ya mama. Kamera A ilikuwa kwa MC muda wote. Kamera B inayo: sekunde arobaini, kisha mgongo wa mtu. Hakuna nyingine. Nimepunguza mwendo kwa nusu, nikaongeza muziki, nikamtumia kipande kwenye WhatsApp saa tatu usiku.

Jibu likaja papo hapo: "Asante mwanangu. Sasa mbona natembea kama mgonjwa?"