Fungu la Waliobaki na Vyombo

Somo la wiki: 1 Samweli 30:1–31

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Desemba jijini Dar es Salaam ni mwezi wa risala. Kidato cha pili na cha nne wameshamaliza mitihani yao ya Novemba, shule zimefungwa, na kila mkuu wa shule ana karatasi mkononi yenye mafanikio ya mwaka. Shule ya sekondari ya wasichana iliyo jirani na usharika wetu ilikuja kanisani kushukuru, na wengi wenu mlikuwepo. Tukasomewa matokeo mazuri ya kidato cha sita yaliyotoka Julai, timu ya netiboli iliyofanya vizuri kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, maabara iliyopata meza na gesi, wanakwaya wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, waliozunguka mitaa yetu wakiimba. Akina mama walipiga vigelegele, mmoja akatandika khanga mabinti wakanyage. Walistahili. Sijaja kukitia kitumbua chao mchanga.

Ila tangu siku ile nimekuwa nikirudi kwenye sura moja ya Daudi ambayo hatuihubiri mara nyingi, labda kwa sababu haina Goliathi.

Daudi na watu wake mia sita wanarudi Siklagi wanakuta mji ni majivu. Waamaleki wamepita, wamechukua wake na watoto. Wanaume wale walilia mpaka nguvu za kulia zikaisha. Halafu, kama ilivyo kawaida ya watu wenye uchungu, wakatafuta wa kumlaumu, wakataka kumpiga Daudi kwa mawe. Yeye akajitia nguvu katika Bwana, Mungu wake, akauliza shauri kwa Mungu, akaondoka kuwafuatia maadui. Walipofika kijito cha Besori, watu mia mbili wakashindwa kuvuka. Biblia haisemi walikuwa waoga wala wavivu. Walichoka. Wakabaki na vyombo, yaani mizigo ya wenzao; mia nne wakaendelea, wakashinda, wakarudi na kila kitu.

Ugomvi ukaanza njiani kurudi. Baadhi ya waliopigana wakasema hawa wa nyuma wapewe wake zao na watoto wao waende zao, nyara si za kwao. Hesabu yao ilikuwa rahisi: aliyepigana ale. Daudi akakataa. Alichokitaja kwanza hakikuwa jasho la wale mia mbili. Aliwaambia ndugu zake kwamba vitu hivi tumepewa na Bwana, naye ndiye aliyetulinda. Kwa kuwa ni zawadi, aliyeshuka vitani na aliyebaki penye vyombo watagawana sawasawa. Neno lile likawa sheria katika Israeli.

Sasa tazameni ibada yetu. Walioitwa mbele ni wenye daraja la kwanza, na aliyeshangiliwa kuliko wote ni yule wa pointi saba katika matokeo ya kidato cha nne ya Januari. Ninyi mliosomesha mnajua maana ya pointi saba: A kwenye masomo saba, bila kuteleza hata moja. Si mchezo. Baada yake wakaitwa walimu wa masomo, kisha bodi, kisha mgeni rasmi. Mpishi hakuitwa. Alikuwa nje ya kanisa akigeuza pilau letu, kama alivyogeuza makande ya wale mabinti mwaka mzima. Matroni, ambaye binti akiugua usiku bwenini ndiye anayetafuta bajaji, alikaa benchi la nyuma akizuia wadogo wasipige kelele.

Kuna wengine hata getini hawajafika. Shule ile ina wanafunzi wa kutwa wanaotoka Mbagala na Gongo la Mboto, na mtoto wa kike wa huko anaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Mama yake ameshaamka kabla yake, anachoma vitumbua ambavyo ndiyo nauli yenyewe. Kituoni ni vita. Mwanafunzi analipa shilingi 200, mtu mzima analipa zaidi, na konda anajua hesabu. Kwa hiyo utasikia, “Wanafunzi wawili tu!” na mlango unafungwa mbele ya sketi za bluu. Lakini wapo makonda, na tusiwanyime haki yao, wanaosema “panda mwanangu, sogea nyuma” huku dereva akinung’unika. Masika mvua ikikolea na barabara pale Jangwani ikafungwa kwa maji ya Mto Msimbazi, konda wa namna hiyo ndiye anayemfikisha mtoto kwenye chumba cha mtihani. Jina lake halimo kwenye risala yoyote, naye wala hajui kwamba amechangia daraja la kwanza la mtu.

Msinielewe vibaya kuhusu zawadi. Maandiko yenyewe yana orodha ya mashujaa: 2 Samweli 23 inawataja kwa majina watu hodari wa Daudi, na hesabu yao inatolewa kabisa, thelathini na saba. Kumtaja aliyefanya vizuri si dhambi. (Ingawa soma orodha ile mpaka mwisho. Jina la mwisho ni Uria Mhiti, yule ambaye Daudi alimchukulia mke kisha akaagiza auawe, jina ambalo Daudi asingependa lisomwe kwa kipaza sauti mbele ya wageni. Orodha za heshima zina tabia ya kujua mengi kuliko wenye kuzisoma.) Shujaa apewe sifa zake. Daudi alichokataa ni sifa hizo kugeuzwa kuwa kipimo cha nani ale na nani asile.

Mtakumbuka Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza la Mitihani lilisema halitataja tena shule kumi bora wala wanafunzi bora kitaifa. Sababu moja ilikuwa kwamba watoto hawa hawasomi katika mazingira yanayofanana. Palikuwa na mjadala mkubwa, na wazazi wenzangu wengi hawakufurahi; tulishazoea ile orodha kama ligi. Mimi naona Baraza lilifanya vyema, japo shule zenyewe zimeendelea kujipanga namba kwa mabango barabarani, picha za mabinti na pointi zao zikining’inia juu ya foleni ya magari. Kanisa lingeweza kuwa mahali pamoja mjini ambapo binti haulizwi namba yake kwanza. Jumapili ile hatukuwa mahali hapo.

Katikati ya sura hii kuna mtu mwingine, na yeye ndiye amenisumbua zaidi. Njiani wanamkuta kijana Mmisri ameanguka shambani, siku tatu hajala wala kunywa. Alikuwa mtumwa wa Mwamaleki. Aliugua, bwana wake akamwacha. Watu wa Daudi wakampa mkate, maji, kipande cha mkate wa tini na vichala viwili vya zabibu. Angalieni mpangilio: alikula kwanza, roho ikamrudia, ndipo akaulizwa wewe ni wa nani na unatoka wapi. Na huyu aliyetupwa ndiye aliyewaonyesha njia ya kuwafikia adui. Bila yeye kusingekuwa na nyara za kugombea.

Katika kila darasa la wasichana yupo aliyeachwa njiani. Kwa miaka mingi binti aliyepata ujauzito alifukuzwa shule, na hadithi yake ikaishia hapo. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, wanaweza kurudi katika shule za kawaida, na waraka ukatolewa. Wako waliorudi. Risala ya mafanikio haikuwagusa. Labda mkuu wa shule aliwasitiri kwa busara, nami sikusudii binti asimamishwe mbele ya watu aonekane. Lakini kwetu sisi waamini swali ni gumu zaidi: waraka umemfungulia binti geti la shule, je, kwaya imemfungulia? Nimeona mahali binti akikubaliwa darasani kabla ya kukubaliwa kwenye benchi la kanisa, na watu wakimhoji “ni wa nani huyo mtoto” kabla ya kumpa hata kikombe cha chai. Watu wa Daudi walianza na chakula.

Mwisho wa sura Daudi hakukaa Siklagi kuhesabu alichobakiza. Alipeleka sehemu ya nyara kwa wazee wa Yuda, rafiki zake, na kwa miji yote ambako yeye na watu wake walikuwa wakizungukazunguka siku za kumkimbia mfalme Sauli. Alikumbuka waliompa hifadhi kabla hajawa na kitu cha kurudisha. Kamati ya elimu ya usharika, naomba mlijadili hili wiki hii: sadaka iliyobaki ya ibada ile iwaendee wapishi, walinzi na matroni, na mabinti wenyewe waandike barua kwa mwalimu wa darasa la kwanza aliyewafundisha kusoma. Baadhi ya walimu hao wamestaafu na wanaishi mitaa yetu hii hii.

Kisha kuna Januari. Mabinti wa kidato cha nne wako majumbani wanasubiri. Wapo wanaosaidia genge, wapo waliopelekwa kwa shangazi kulea, na wote moyo unadunda simu ikilia. Kabla Daudi hajagawa kitu chochote, aliwakaribia wale mia mbili akawajulia hali. Kwa hiyo matokeo yakitoka, piga simu nyumbani kwa binti unayemfahamu, msalimie kwa jina, muulize ameamkaje na mama yake anaendeleaje. Pointi atakutajia mwenyewe akipenda.