Hondohondo wa Isecheno

Juzi nikiwa ndani ya matatu kwenye steji ya Kisumu, kijana alipita dirishani akiuza mukombero, mafungu madogo yaliyofungwa kwa uzi. Nikanunua fungu moja, nikang'ata mzizi pale pale, na harufu ile tamu yenye ukali kwa mbali ikanirudisha kwa Mjomba, mwaka Baba alipotutoka.

Mliokuwa karibu nami mnajua nilivyokuwa. Usingizi umeniruka, chakula hakipiti, nikifumba macho naona ukuta. Kitanda cha Baba wodini kilielekea ukuta wa rangi ya krimu iliyoanza kubambuka, na majuma yake ya mwisho hakuwa na kingine cha kutazama. Siku moja aliniuliza kama mwembe wa nyumbani umechanua. Nikamwambia ndiyo.

Mjomba hakunipa hata neno la ushauri. Alikuja kwetu Kondele, akala, akasema, "Kesho twende kwangu, mama." Kwake ni Shinyalu, na kutoka hapo si mbali kufika Isecheno, kwenye msitu wa Kakamega. Tukalipa, tukaingia.

Alitangulia polepole akinionyesha machache tu: mukombero unavyojisokota kupanda miti, na mwiritsa uliobanduliwa gome na watafuta dawa. Tulipofika penye mti mkubwa ambao mizizi yake imesimama kama viambaza akasema, "Kaa hapa. Usifanye chochote."

Nikakaa. Ubaridi wa udongo ukapenya leso. Jua halikufika chini ila kwa vipande vidogo vilivyohamahama juu ya majani makavu. Siafu walipita kando ya kiatu changu, msafara mmoja, wakilizunguka jani lile lile kila walipolifikia. Juu mbega waliruka, matawi yakayumba, maganda ya matunda yakadondoka. Kisha nikasikia kitu kikivuma juu ya miti, huu, huu, huu, kizito, kikikaribia. Nikashtuka. Mjomba akanyoosha kidole: hondohondo wawili, weusi kwa weupe, na mvumo wote ule ni mabawa yao tu. Nikawafuata kwa macho mpaka wakapotea, na shingo ikiwa bado juu nikatambua kwamba nimevuta pumzi ikashuka hadi tumboni. Hapo nikalia, kilio cha sauti ambacho hata kaburini hakikunitoka. Mjomba akaendelea kutafuna mukombero wake, akaniacha nilie.

Usiku ule nililala mpaka kukapambazuka. Huzuni niliikuta asubuhi, lakini uji nilimaliza.

Miaka baadaye nilisoma kuhusu Roger Ulrich, mtafiti wa Marekani. Mwaka 1984 alichapisha kwamba wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo, wakalazwa vyumba vyenye madirisha yanayotazama miti, walitoka hospitalini mapema na kuhitaji dozi chache za dawa kali za maumivu kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Ukuta! Sikuweza kuendelea kusoma siku hiyo. Sisemi Baba angepona. Ugonjwa wake haukuwa wa kupona. Ila angeuona mwembe, wowote ule.

Mama alipolazwa mwaka jana, kabla sijauliza gharama nilimwomba muuguzi kitanda cha dirishani, upande wa mijakaranda. Akasema vyote vina watu. Nikangoja kwenye korido hadi jioni, kimoja kikapatikana. Mama anasema kitanda ni kitanda. Mpaka leo tunabishana.