Kipupwe Njombe: mapambo yanaanzia chini ya mlango

Julai, Njombe mjini. Ukungu umelala juu ya mabati na hautaondoka kabla ya saa nne. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda zaidi hadi Makete, kwenye uwanda wa Kitulo, asubuhi za msimu huu majani huwa na sakitu. Hata hivyo nyumba zetu nyingi zina ramani ileile ya Morogoro na Dar es Salaam: dirisha kubwa la nondo, matundu ya hewa juu yake, mlango wa mbao wenye mwanya chini, bati bila dari. Hiyo ni ramani ya kutoa joto nje. Huku tunahitaji kulibakiza ndani.

Ndiyo maana daftari la mapambo ya msimu huu halianzi na rangi. Linaanza na upepo. Kabla ya kununua chochote, washa kijiti cha udi jioni upepo ukivuma, kipitishe taratibu pembeni mwa mlango, kwenye fremu ya dirisha, na pale ukuta unapokutana na kenchi. Moshi ukiyumba, weka alama kwa chaki. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, nayo inakuambia pesa yako kidogo iende wapi.

Mara nyingi inakwenda chini ya mlango. Mwanya wa sentimita 2 kwenye mlango wa upana wa sentimita 80 ni tundu la sentimita za mraba 160, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, hupita hapo hapo chini na kutambaa sakafuni kwenye miguu ya watu. Dawa yake ni mto mrefu wa kitambaa. Mguu wa suruali ya jinzi ya mtumba unafaa sana: ukate uwe mrefu kuliko upana wa mlango kwa sentimita 10, ushone upande mmoja, ujaze, kisha ushone upande wa pili kwa mishono miwili.

Cha kujaza ndicho kinachoharibu kazi. Maranda mabichi ya msonobari kutoka kiwanda cha mbao yana maji, na ndani ya wiki chache mto unanuka na kuota ukungu. Yaanike juani mpaka yawe mepesi mkononi. Pumba za mahindi zinaita panya. Mchanga mtupu ni mzito na huchuja kupitia mishono. Kinachokaa vizuri ni maranda makavu au maganda ya mpunga, pamoja na mchanga mkavu kama kilo moja uliofungwa kwenye mfuko wake wa kitambaa kizito katikati, ili upepo usiusukume mto. Juu yake valisha foronya ya kitenge inayovuliwa na kufuliwa, maana ndiyo itakayokusanya vumbi lote la barazani.

Mlango unaofunguliwa mara kwa mara unataka mito miwili myembamba, mmoja ndani na mmoja nje, iliyounganishwa kwa kitambaa kipana sawa na unene wa mlango. Kitambaa kinapita chini, na mlango ukienda mito inakwenda nao. Pima unene huo kwa rula. Ukizidisha, upepo unapita katikati. Ukipunguza, mito inasuguana na sakafu na kuchanika upesi.

Mapazia sasa. Hapa ndipo urembo na joto hukutana, na hapa ndipo watu hubana matumizi mahali pasipofaa. Pazia lenye upana sawa na dirisha, likivutwa, linakuwa bapa, linaachia nafasi pembeni, na halina marinda ya kushika hewa. Upana wa kitambaa uwe karibu mara mbili ya dirisha. Kwa dirisha la sentimita 120, tafuta sentimita 240, yaani vipande viwili vya 120. Fimbo izidi dirisha kwa sentimita 15 kila upande na ikae sentimita 10 au 15 juu ya fremu. Pazia lishuke angalau sentimita 20 chini ya kizingiti cha dirisha. Likifika sakafuni ni bora zaidi.

Kitenge peke yake hakizuii baridi. Kiwekee bitana ya blanketi jepesi la mtumba. Fua vyote viwili kwanza, kwa maji yaleyale utakayotumia siku zote, vikauke kabisa, ndipo ukate. Blanketi la sufu hurudi ndani kuliko pamba. Usipolifua kabla, pazia litakunjamana baada ya kufuliwa mara ya kwanza na hakuna pasi itakayolinyoosha. Bitana ikatwe fupi kwa sentimita 3, ishonwe juu na pembeni tu. Chini iachwe huru, kwa sababu vitambaa viwili havinyooki sawasawa na kila kimoja kinahitaji nafasi ya kuning'inia. Pindo la chini liwe la sentimita 8 hadi 10. Uzito wake ndio unaofanya pazia lisimame wima.

Kwa fimbo, mwanzi wa kipenyo cha sentimita 3 hauna mpinzani kwa bei. Usitumie mwanzi mbichi. Una wanga mwingi, na wadudu watoboaji wataanza kumwaga unga juu ya kochi. Chagua uliokomaa, uloweke kwenye maji kwa wiki kadhaa, uukaushe kivulini ukiwa umesimama, kisha usugue kwa msasa namba 120 na kupaka vanishi mara mbili. Juani hupasuka. Ukizidi sentimita 150 weka kishikio cha tatu katikati, kwani bitana ya blanketi ni nzito. Kwenye ukuta wa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, toboa kwenye tofali lenyewe, kamwe si kwenye maungio: plagi ya plastiki itatoka na udongo wake.

Na jua? Hili watu wengi wanaoishi hapa hawalitumii. Tuko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi Juni na Julai jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Dirisha la kaskazini linapata jua, la kusini halipati kitu. Saa sita mchana upenu wa sentimita 60 unatia kivuli kwenye karibu sentimita 90 za ukuta chini yake, hivyo kinachobaki kupata jua ni sehemu ya chini ya dirisha, na asubuhi na alasiri jua linaingia ndani zaidi. Fungua mapazia ya upande huo mara ukungu unapoondoka, yafunge kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kiti cha bibi kihamie hapo. Ya kusini yafungue kwa ajili ya mwanga tu. Kupanga samani kwa kufuata jua hakugharimu hata shilingi, nami nakuona ni pambo kubwa kuliko picha yoyote ya ukutani.

Sakafu ya saruji haina huruma. Hufyonza joto la nyayo upesi, hata chumba chenyewe kikiwa na nafuu. Zulia la matambara linatatua hili kwa nguo zilizochoka. Tafuta sweta za mtumba zilizotoboka, zikate vipande vya upana wa sentimita 3, suka misuko mitatu mitatu, kisha zungusha msuko kuanzia katikati huku ukiushona ubavu kwa ubavu kwa uzi wa katani au wa nailoni. Zulia la sentimita 60 kwa 90 linakula kilo 2 hadi 3 za nguo.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni zulia kubinuka kingo. Sababu ni kuvuta msuko kwa nguvu kwenye kona. Mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani, hivyo kwenye kona ruka mshono mmoja upande wa ndani na ulegeze msuko. Fanya kazi juu ya meza, si mapajani, ili uone mapema kama linalala bapa. Likishaanza kubinuka, fumua hadi mzunguko uliokuwa sawa. Kulilowesha na kulikandamiza na mawe hakusaidii.

Kwenye sakafu iliyopigwa rangi nyekundu na nta, zulia huteleza na linaweza kumwangusha mtu mzima. Kata tyubu ya zamani ya baiskeli vipande vya sentimita 10, uvishone chini kwenye pembe nne. Usitandike nailoni au mpira chini ya zulia zima, maana unyevu wa sakafu utanaswa hapo. Tandika mkeka wa ukindu, na kila wiki inua vyote viwili uvianike.

Ukuta wa kusini ndio unaoota ukungu mweusi nyuma ya kabati. Mvuke wa chai, wa kuoga na wa pumzi zetu unagusa ukuta wa baridi na kugeuka maji. Vuta kabati sentimita 6 kutoka ukutani hewa ipite. Usipake rangi juu ya ukungu, utatokeza tena. Osha kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji, madirisha yakiwa wazi, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa hewa ya sumu. Ukuta ukauke siku kadhaa.

Kisha chokaa, ambayo ni rafiki wa ukuta baridi kwa kuwa inaruhusu unyevu kutoka na ukungu hauipendi. Kwa ndoo ya lita 20: chokaa kilo 5, maji lita 10, chumvi nusu kilo iliyoyeyushwa kwanza kwenye maji ya moto. Wengine huweka chumvi zaidi ishike vizuri, lakini chumvi huvuta unyevu na kwa hali ya hewa yetu ukuta utabaki na majimaji. Chuja kwa kitambaa, acha ilale usiku mmoja. Lowesha ukuta kidogo, paka nyembamba kama maziwa, mara tatu, ukiacha siku nzima kati ya mkono na mkono. Ikiwa mbichi haionekani, nayo huwa nyeupe inapokauka, kwa hiyo usiongeze kwa pupa. Mkono mzito hupasuka na kubanduka. Vaa miwani na glavu, chokaa inaunguza macho. Juu ya rangi ya mafuta haishiki. Ukitaka rangi ya joto, chekecha udongo mwekundu uwe laini kama unga na uweke usiozidi gramu 500 kwa ndoo hiyo.

Sasa neno la jiko la mkaa. Kila kipupwe nchini watu hufa usingizini kwa ajili yake. Mkaa unaowaka hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi, na makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa pia. Kuwashia jiko nje kisha kuliingiza chumbani hakuondoi hatari. Lisiingie chumba cha kulala hata kidogo. Kitandani peleka chupa ya mpira yenye maji ya moto iliyofungwa kwa taulo.

Kwa sababu hiyohiyo, matundu ya hewa juu ya dirisha yasizibwe kwa matambara. Kama upepo wake unakusumbua, funga ubao wa msonobari kwa mshazari chini ya matundu, ukingo wa chini ukigusa ukuta na wa juu ukisimama sentimita 8 mbali nao. Upepo utaelekezwa juu badala ya kushuka kichwani mwa aliyelala, na hewa itaendelea kuingia. Usugue, upake vanishi, unapendeza.

Taa: chagua balbu ya LED yenye mwanga wa manjano, kwenye boksi imeandikwa 2700K au 3000K. Ya 6500K inatoa mwanga wa kibuluu unaofanya hata chumba chenye mapazia mazuri kionekane baridi. Kikapu cha Iringa cha milulu kikigeuzwa kinakuwa kivuli kizuri cha taa, kwa LED ya wati 5 tu na nafasi ya kutosha pembeni. Balbu ya zamani inayochemka itakichoma.

Septemba joto likirudi, fumua bitana, fua, anika mpaka ikauke kabisa hata kwenye pindo, ndipo ukunje. Kwenye sanduku weka kifuko cha maua makavu ya pareto, ambayo huku hayana shida kupatikana. Nguvu yake huuawa na mwanga, kwa hiyo sanduku lifungwe vizuri, na nguo zifuliwe tena kabla ya kutumika.