Huyu ni nani?

Leo alfajiri tulikuwa tumekusanyika kwangu kutazama mapigano ya UFC (shindano la Marekani la ngumi na mateke), ambayo kwa saa zetu huchangamka wakati wengine wanaelekea msikitini, shemeji yangu alipoingia na chupa ya chai, akasalimu na kujitambulisha kwa adabu.

Chumba kizima kikaitikia: “Huyu ni nani?”

Maskini, hakujua kwamba mwaka 2016, katika mkutano na wanahabari jijini New York, mpiganaji wa UFC Conor McGregor aliuliza hivyo baada ya mpiganaji mwenzake Jeremy Stephens kujigamba, na tangu hapo mgeni hapiti salama mbele ya mashabiki.

Mkono wake ulibaki hewani, chupa ikining’inia kwenye mkono wa pili, akinitazama nimtetee. Nami, kwa aibu yangu, nilikuwa nimecheka kuliko wote.

Jamani, nimwombe radhi vipi?